Nimevaa taiti mbili na kuweka kava la jeli bado naumia, ninunue bukta gani ya baiskeli?

SWALI: Habari za kazi fundi. Mimi ni mama wa miaka 34, nimeanza kuendesha baiskeli miezi miwili iliyopita, katikati ya wiki naenda kama kilomita 10 peke yangu na Jumamosi natoka na wenzangu tunapiga kama 40. Shida yangu ni makalio. Saa ya kwanza niko sawa, baada ya hapo nakaa upande upande kama kuku anayetafuta pa kutagia, na nikirudi nyumbani kuoga ni mateso, maji yakigusa juu ya mapaja nasikia moto. Nimejaribu kuvaa taiti mbili juu ya chupi, nikaongeza kava la jeli kwenye siti, ndo kwanza imezidi. Wenzangu wanasema nitafute bukta ya baiskeli yenye sponji nene kuliko zote. Nimeenda dukani nimekuta ziko za kila aina, zingine zina mikanda kama ovaroli, nikatoka bila kununua na kusema ukweli niliona aibu kuuliza. Nichague ipi? Naomba usinicheke.

JIBU: Sikucheki dada yangu, nikucheke mimi ni nani? Mwaka wangu wa kwanza kwenye baiskeli niliwahi kwenda kilomita 70 nimevaa jinzi, ile ngumu yenye mshono mnene unaopita katikati, na siku mbili zilizofuata nilikuwa nalala kifudifudi na kula nimesimama. Tangu hapo nimefanya hii kazi ya kuwapima watu kwenye baiskeli miaka mingi tu na swali lako ndo naulizwa kuliko lingine lolote, ila wengi huwa wananivuta pembeni kwanza, wanaume kwa wanawake, alafu wananong'ona. Wewe umeandika wazi, tayari umewazidi.

Tuanze na hilo la sponji nene maana hapo ndo pesa za wengi zinapoliwa. Bukta ya baiskeli sio godoro. Ukiiwaza kama godoro utachagua iliyo nene, laini, inayobonyea, na baada ya saa moja utakuwa palepale au pabaya zaidi, kwasababu kazi kubwa ya ile bukta ni kuzuia ngozi isisuguliwe na isikae kwenye jasho. Kukulainishia siti ni kazi ya pili huko, tena inaifanya kidogo tu.

Piga hesabu uone. Ukizungusha pedeli kawaida, tuseme mara 75 kwa dakika, safari ya saa 2 ni mizunguko 9,000, yani kila paja limepita pembeni ya pua ya siti mara 9,000. Uzi uliojikunja, au mshono wa chupi ambao ukiwa umekaa kwenye kochi hata huusikii, ukipitishwa sehemu moja mara 9,000 tena pakiwa pameloa jasho huo tayari ni msasa. Bukta iliyokaa vizuri inashikana na ngozi na kutembea pamoja nayo, kwahiyo kinachosuguana na siti ni kitambaa, ngozi yenyewe imetulia huko ndani. Ikiwa imelegea kinyume chake, kitambaa kinang'ang'ania siti na ngozi ndo inateleza juu ya kitambaa. Na wewe ulikuwa na nguo tatu pale, chupi, taiti, taiti, kila moja inakwenda njia yake na kila moja ina mshono wake katikati. Hakuna sponji ingekuokoa hapo.

Kabla hatujaenda dukani, nisaidie kutenganisha maumivu, maana watu wanasema "makalio yanauma" wakati ni vitu vitatu tofauti kabisa. Kaa kwenye kiti kigumu uingize viganja chini ya makalio, utagusa mifupa miwili iliyochomoza, hiyo ndo mifupa ya kukalia na ndo inayotakiwa kubeba uzito wako kwenye siti. Kwa mtu anayeanza nyama iliyo juu ya hiyo mifupa haijazoea, inauma kama mahali ulipojigonga, na ukiendesha mara kwa mara bila kuacha mapengo marefu inapoa yenyewe ndani ya wiki chache. Hayo ndo maumivu yako ya kukaa upande upande. Ya pili ni ngozi, michubuko, na ule moto wa bafuni ndo huo, hapa bukta ndo dawa yenyewe. Ya tatu hujaitaja na nashukuru, ni ganzi, yani huko chini panakufa kabisa huhisi kitu. Hiyo ikija usiivumilie hata kidogo, ni mishipa ya fahamu na ya damu inayopita kwenye msamba inabanwa na siti, na haitibiwi na bukta, inatibiwa kwa kurekebisha siti au kuibadilisha. Nimeona watu wananunua bukta ya tatu, ya nne, kumbe siti imeinua pua juu tu.

Sasa chupi. Najua hii watu hawapendi kuisikia, na kuna dada mmoja aliniangalia kama nimemtukana, lakini bukta yenye sponji inavaliwa bila chupi, moja kwa moja kwenye ngozi. Ndivyo ilivyotengenezwa. Kile kitambaa kilicho juu ya sponji kimefumwa kinyonye jasho na kulisambaza likauke, ukiweka chupi ya pamba katikati umeziba kila kitu, pamba inakunywa jasho inabaki imeloa, na ngozi iliyoloa inachubuka haraka kuliko kavu. Alafu lastiki ya chupi inakaa palepale kwenye kinena ambapo paja linakunja na kukunjua. Ukiniuliza kitu kimoja cha kubadilisha wiki hii hata bila kununua chochote, ni hicho, vaa taiti moja tu bila chupi kwenye zile kilomita 10 uone tofauti. Siku za hedhi wateja wangu wengi wa kike wanasema kikombe au tamponi vinakaa vizuri zaidi, taulo ya kawaida inajikunja na kingo zake zinachuna, hapo mimi nafikisha tu ujumbe.

Hiyo sponji dukani utasikia inaitwa shami, sio tusi. Ni jina la mnyama mmoja wa milimani huko Ulaya anafanana na mbuzi, zamani bukta zilikuwa za sufu na pale katikati wanashona kipande cha ngozi laini ya huyo mnyama. Haikuwepo kwa ajili ya kulainisha wala nini, ilikuwa kuficha mishono tu na kuzuia msuguano, na ukishaifua ikikauka inakakamaa mpaka uipake krimu upya ndo ivalike. Kitambaa hiki kinachovutika tunachovaa leo, spandeksi, kilikuja 1958, alikigundua mkemia Joseph Shivers kwenye kampuni ya DuPont kule Marekani, na ikachukua miaka mingi tena mpaka waendesha baiskeli wakaacha sufu. Nakusimulia hivi uone kwamba toka mwanzo kile kipande kilikuwa cha kuokoa ngozi, mambo ya unene yamekuja juzi.

Haya, sponji yenyewe unaipimaje. Usiangalie unene, ibonyeze. Weka kidole gumba juu na cha shahada chini, pale nyuma panapokaa mifupa, ubonyeze kwa nguvu. Kama vidole vinakutana mara moja kama umebonyeza mkate, iache, hiyo ikikaliwa nusu saa inakuwa karatasi iliyojikunja. Unataka ile inayokataa kidogo, inashuka taratibu na ukiachia inarudi. Watengenezaji wengine wanaandika uzito wa sponji kwa mita ya ujazo, utakuta kama kilo 60, 80, 120, namba ikipanda sponji ni ngumu zaidi na inavumilia masaa mengi. Nzuri inachanganya, ngumu kwenye mifupa, laini na nyembamba kuelekea kingoni, na kingo zenyewe ziishie kwa kufifia zisiwe na ukuta, maana ule ukuta ndo utakuchora mstari mwekundu kwenye kinena. Nene sana ina shida nyingine, inajaa katikati, inasukuma juu kwenye sehemu laini ambazo hazitakiwi kubeba kitu, na inatunza joto. Kwa safari zako za saa mbili au tatu, ya unene wa katikati inatosha kabisa. Ila angalia usije ukapewa ile nyembamba sana ya wale wanaoogelea wakaendesha wakakimbia, ile imepunguzwa makusudi ili mtu aweze kukimbia nayo bila kuona ana nepi.

Alafu chukua ya kike. Sio suala la rangi wala maua. Mifupa ya kukalia ya wanawake kwa wastani imeachana zaidi, kwahiyo sponji ya kike inakuwa pana nyuma na fupi mbele, ya kiume inakwenda mbele zaidi na mara nyingi ina mfereji katikati. Ukiazima ya mume wako sehemu ngumu zitakaa katikati ya mifupa miwili badala ya chini yake. Unaweza kujipima nyumbani, chukua kipande cha boksi, lile lenye mawimbi ndani, weka juu ya ngazi au kiti kigumu, kalia ukiwa umeinama kidogo mbele na visigino vimeinuka, subiri nusu dakika, nyanyuka. Utaona mashimo mawili. Pima katikati ya shimo mpaka katikati ya shimo, wengi inaangukia kati ya sentimita 10 na 16. Ukishika bukta weka rula nyuma uone kama sehemu nene zinaangukia hapo. Hiyo namba itunze, siku ya kununua siti utaihitaji kuliko leo.

Sasa chumba cha kujaribia, na hapa ndo watu wengi wanakosea, wanasimama mbele ya kioo wanageuka kushoto kulia wanaona imekaa vibaya wanaivua. Bukta ya baiskeli inashonwa kwa mtu aliyeinama. Ukisimama wima sponji itaning'inia nyuma, utajiona kama mtoto anayehitaji kubadilishwa, na hiyo ni sawa, usiihukumu hapo. (Dukani unavaa juu ya chupi nyembamba lakini, kwa ajili ya usafi wa atakayekuja baada yako.) Pandisha mguu mmoja kwenye kiti, inama mbele, mikono iweke kwenye goti kana kwamba umeshika usukani. Sponji sasa inatakiwa iwe imegandana na wewe kila mahali, hamna sehemu yenye hewa. Finya kitambaa katikati ya paja, kama unaweza kukikusanya mkononi ni kubwa. Kaa na kusimama mara kumi bila kuvuta kitu, sponji ikihama saizi sio yako au umbo sio lako. Ukijikuta kati ya saizi mbili nakushauri ndogo, isipokuwa kama inakukata mapajani au inavuta sponji ipande mbele. Na usiamini herufi ya saizi unayovaa kwenye nguo zingine, kila kampuni ina vipimo vyake, pima kiuno na nyonga kwa futi ya fundi cherehani alafu soma jedwali lao.

Ikikubana mpaka uone inakubana sana kuliko ulivyozoea, hiyo ndo yenyewe. Wanaoanza karibu wote wananunua kubwa kwa saizi moja.

Kwa michubuko yako mapajani angalia miguu ya bukta iwe mirefu, iishie kama vidole vinne juu ya goti hivi, kwasababu fupi inapanda, inakusanyika kwenye kinena, na paja linabaki uchi kwenye pua ya siti. Mwisho wa mguu kuna ule mshipi wa kushika, wengine wanaweka nukta za silikoni, wengine lastiki pana tu. Mimi napenda mpana, mwembamba unakata nyama unatengeneza soseji, na kuna ngozi ambazo silikoni inaziwasha zikitoka jasho. Geuza bukta nje ndani upitishe ngozi ya ndani ya mkono kwenye mishono yote, iwe bapa, na juu ya sponji yenyewe usikute mshono unaopita katikati. Idadi ya vipande vilivyoshonwa watu wanaitangaza sana, vipande nane sijui sita, haina maana kama mishono ni mibaya. Kitambaa kiwe nailoni au polista iliyochanganywa na spandeksi, ivute kwa mikono miwili mbele ya taa, ukiviona vidole vyako vizuri jua na wa nyuma yako siku ya Jumamosi ataona vizuri. Rangi nyeusi. Rangi zingine zinapendeza lakini jasho linachora ramani, na nyeupe ikiloa sitaki hata kueleza, na grisi ya cheni nayo inajua kutafuta rangi nyepesi.

Hizo za mikanda kama ovaroli, watu wanaziogopa lakini ndo zinazovaliwa na karibu kila mtu anayekwenda mbali, kwasababu hamna lastiki ya kiunoni inayokukata tumbo ukiinama, na mikanda inashikilia sponji isihame hata dakika moja. Ukiivaa umesimama utaona mabega yanavutwa chini, ukiinama inaachia, ndo inavyotakiwa. Ikikaa raha umesimama basi ni ndefu kwako. Kasoro yake unaijua hata bila kuambiwa. Chooni. Mwanaume anavuta mbele yanaisha, mwanamke inabidi avue jezi ashushe mikanda, na kama ni vichakani na wenzako wanasubiri ni shughuli. Ziko za kike zenye klipu mgongoni au nyuma inayovutika mpaka ishuke bila kuvua juu, hizo zijaribu palepale dukani kuishusha na kuipandisha, usikubali maelezo. Kwa bukta ya kwanza na kilomita 40 mimi ningekupa ya kiunoni, yenye mshipi mpana unaopanda juu kidogo mbele ya tumbo, ukizoea utajijua kama unataka mikanda. Ila kama una tumbo ambalo halipendi kubanwa, au umefanyiwa upasuaji hapo, nenda na mikanda moja kwa moja.

Kuhusu aibu ya kubanwa mbele za watu, hilo halina haja ya kukunyima raha. Vaa bukta pana juu yake, ama sketi fupi ya michezo, au nunua zile za watu wa njia za vumbi ambazo nje ni pana na ndani ina nyingine yenye sponji, zingine ya ndani inatoka unaivaa chini ya suruali yoyote. Angalia tu ile ya nje isiwe na kitambaa kingi katikati, maana ukisimama kwenye pedeli alafu ukae, inanasa kwenye pua ya siti, na mtu anaweza kuanguka hivihivi.

Kwa zile kilomita 10 za katikati ya wiki sponji sio lazima kabisa.

Krimu nayo utaulizwa kama unataka. Inasaidia, inapunguza msuguano pale paja linapokunja na pembeni ya mifupa, unapaka kidogo kwenye ngozi au juu ya sponji, kidogo kweli, sio kama unapaka mkate siagi. Soma kama ina mentoli, inapoza vizuri kwa aliyezoea lakini juu ya mchubuko utaruka. Mafuta ya mgando yanateleza sawa ila yanaganda kwenye kitambaa, hayatoki kwenye kufua, taratibu sponji inaacha kupumua. Na sasa hivi una vidonda, usipake chochote cha dukani juu yake ukaenda kuendesha, acha ngozi ifunge kwanza, siku nne, tano, inategemea. Kukiwa na kijipu kinavimba, kina joto, au umepata homa, hiyo ni ya daktari, usikitumbue mwenyewe. Na huko chini punguza kunyoa, nywele zikiota kwa ndani kwenye joto lile na jasho zinaleta vipele ambavyo vitakukalisha nyumbani.

Ukifika nyumbani vua. Hii naisisitiza kuliko krimu, maana watu wanafika wanakaa kwenye kochi wanachati saa nzima wamevaa ile bukta, joto lipo, unyevu upo, bakteria wanataka nini tena. Vua, oga, kausha. Bukta inafuliwa kila safari, hamna kuianika ivaliwe kesho, igeuze nje ndani, maji ya baridi au ya vuguvugu kama nyuzi 30, sabuni ya kawaida. Usitie dawa ya kulainisha nguo, inaziba kitambaa kisinyonye, wala blichi, inakula spandeksi, na mashine ya kukaushia kwa joto iiache kabisa. Anika kivulini sponji ikiwa nje. Kwahiyo ukipata uwezo ziwe mbili, moja kambani moja mwilini, na utaona hata zinadumu zaidi.

Nirudi kwenye siti kwasababu nisipoisema nitakuwa nimekuuzia nusu ya dawa. Lile kava la jeli litoe. Najua linaonekana la raha ukilibonyeza kwa mkono, ila ukilikalia mifupa inazama, jeli inakimbilia katikati na kupanda, inakaba msamba, alafu kava lenyewe linacheza juu ya siti, msuguano mwingine huo. Ndo maana ulisema imezidi. Alafu mwambie mtu akae nyuma yako akuangalie unavyoendesha, kama nyonga zinapanda na kushuka kushoto kulia siti iko juu mno, na hapo kila mzunguko unajisaga mwenyewe. Kipimo cha haraka, kaa kwenye siti ukiwa umeegemea ukuta, weka kisigino juu ya pedeli ikiwa chini kabisa, mguu unyooke bila nyonga kuinama, ukija kuweka sehemu ya mbele ya unyayo goti litabaki limekunja kidogo, basi hapohapo. Siti iwe sawa na ardhi, ishushe pua nyuzi moja mbili kama inakubana mbele, usiishushe sana utakuwa unateleza unajizuia na mikono mpaka viganja vife ganzi. Hujaniambia baiskeli yako ni ya kukaa wima au ya kuinama. Ukikaa wima uzito wote uko kwenye mifupa, unahitaji siti pana kidogo na sponji iliyojaa nyuma. Ukiinama uzito unakuja mbele na sponji lazima iendelee mbele bila kujikunja. Na vyovyote iwavyo, kila dakika kama 10 simama kwenye pedeli, mizunguko michache tu, damu ipite.

Bukta mpya usiipeleke kilomita 40 siku ya kwanza. Ivae kwenye zile 10 zako, najua nimesema kwa hizo sponji sio lazima, ila hapo unaijaribu yenyewe, ukirudi jiangalie kwa kioo. Wekundu wa jumla unaopotea baada ya muda mfupi sio kitu. Mstari mwekundu ulionyooka ni mshono au kingo ya sponji, na doa upande mmoja tu mara nyingi ni siti imepinda au iko juu. Uliza kabla ya kulipa kama wanakubali kubadilisha, maduka mengi ikishavaliwa bila chupi ndo basi, na wana haki yao.

Na ukirudi dukani usiombe "yenye sponji nene". Sema nataka bukta ya kike, naendesha masaa mawili matatu, nipe saizi mbili nijaribu. Muuzaji anayejua kazi yake atakuuliza unaendesha ukiwa umeinama kiasi gani. Akikupa ya kwanza iliyo mkononi bila kuuliza kitu, msalimie vizuri utoke, ila safari hii usitoke kwa aibu.